Mwalimu wa Maganda

Kitu cha kwanza nilichokidharau kwa Mwalimu kilikuwa leso yake. Ilikuwa nyeupe, imepigwa pasi na kukunjwa pembe nne, na aliitoa mfukoni kila aliposimama mbele ya mwanamke anayefanya kazi. Hakuwa na mafua. Aliishikilia tu karibu na pua akiongea nasi. Wakati huo mimi nilikuwa napiga rangi suruali za jeans kule Soko la Toi, mikono buluu mpaka viwikoni. Siku ya kwanza alinyoosha mkono anisalimie, akautazama wangu, akaurudisha wake mfukoni. Nikasema moyoni, huyu naye ametoka wapi.

Jina lake nalijua. Silitaji, maana hata mwenyewe hakupenda kuitwa kwa jina. Alikuwa Mwalimu. Alikuwa amefundisha kemia shule ya upili miaka mingi, akastaafu, akapanga vyumba viwili kwenye ghorofa moja Gatina, na tangu hapo akawaona watu wote wa Kawangware na Kibera kama darasa linalopiga kelele. Ukimwambia, "Niaje, Mwalimu," anakujibu, "Sina niaje. Nina habari. Uliza habari." Mwendesha boda mmoja alikosea siku moja akamuuliza kweli, "Haya basi, habari?" Mwalimu akasimama pale stejini akampa habari yote ya maganda ya mayai, tangu mwanzo, mpaka abiria aliyekuwa amekwisha kupanda akashuka akatafuta pikipiki nyingine.

Maganda ndiyo yalikuwa mambo yake. Siyo ganda lenyewe hasa, bali ile ngozi nyembamba nyeupe inayobaki ndani ukishalimwaga yai. Kawangware nzima inakaanga mayai. Kuna chapati mayai, chipsi mayai, mikate ya bekari, na vibanda vya chai vinavyoanza kukaanga kabla jua halijatoka. Kila asubuhi maganda yanatupwa kwa magunia, yananuka, panya wanashangilia. Mwalimu aliyataka yote. Alisema ile ngozi inaweza kuchuja maji, kufunika kidonda, kushika rangi, na mambo mengine ambayo aliyataja huku amefumba macho.

Ukweli unaniuma lakini nitausema. Alieleza vizuri. Nilimsikia mara moja mbele ya kibanda cha chai, ameshika nusu ya ganda kwa leso, amevuta ile ngozi taratibu kwa ncha ya kalamu na kuinyanyua juani. "Hii mnaitupa," alisema. "Ukiitazama kwa kioo cha maabara ni wavu, nyuzi juu ya nyuzi. Hewa inapita, mdudu hapiti. Kifaranga anakaa humo siku ishirini na moja na anatoka mzima. Mungu amewapa chujio, nanyi mnampa panya." Watu walinyamaza. Hata mimi nilinyamaza. Halafu akaharibu kwa kuuliza nani anaweza kurudia alichosema, akamnyooshea kidole mama aliyekuwa anakanda unga.

Hiyo kalamu, nisisahau, ilikuwa ndiyo chombo chake pekee. Mkono wake haukugusa ganda. Na mayai hayakuingia kinywani mwake. Alikuwa akisema harufu yake inamtapisha, mtu ambaye chumba chake cha pili kilijaa maganda kutoka sakafuni mpaka dirishani. Mwenye ploti, mzee wa kanisa mwenye subira kuliko mimi, alimwita mara mbili kuhusu inzi. Mara zote mbili Mwalimu alirudi amemfundisha mwenye ploti maisha ya inzi.

Kazi ilifanywa na Mama Mutheu. Huyu alikuwa mwanamke wa Kitui, mpole wa sauti, aliyekuwa anauza mayai ya kuchemsha jioni kwa beseni pale Gatina. Mwalimu alimwona, akadhani amepata mgodi, akamwambia amwekee maganda yake. Mama Mutheu akamweleza kwamba ya kuchemsha hayafai, ngozi inang'ang'ania yai na kukatika vipande vipande, bora atafute mabichi. Mwalimu akasema alikuwa anajua. Kila kitu alichoambiwa na Mama Mutheu alikuwa anajua. Kesho yake unamsikia anakieleza kwa watu, kwa Kiswahili cha kitabu, kama kimeshuka usiku kutoka mbinguni.

Sitamsingizia. Alimlipa Mama Mutheu kila Jumamosi bila kuchelewa, na ingekuwa rahisi kumchukia kama angekuwa mwizi. Lakini hakumwita kwa jina. Alimwita "msaidizi". Mbele ya wageni alisema, "Nina wasaidizi," ingawa alikuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyeloweka maganda kwenye siki kidogo ili ngozi ilegee, ndiye aliyebandua kwa kucha, ndiye aliyesuuza na kuanika. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mgongo, akaandika kwenye daftari.

Sasa nieleze alivyoingia katika maisha yangu, maana hapo ndipo dharau ilipopata mizizi.

Toi tulikuwa wapiga rangi watano, nyuma ya vibanda vya mitumba, kila mmoja na pipa lake na jiko lake. Mtu ananunua jeans iliyopauka, analeta kwetu, tunachemsha maji, tunatia rangi, chumvi na magadi, tunakoroga kwa mti, na suruali inarudi buluu kama imetoka dukani. Nilisomesha watoto kwa pipa hilo. Shida ilikuwa maji ya mwisho. Tukimwaga, mtaro unakuwa buluu, na maji hayo yanateremka mpaka kwa watu wa chini, kijiji cha Raila kule Kibera, ambako mimi mwenyewe naishi. Nilikuwa naviruka vijito vyangu mwenyewe nikienda nyumbani. Watu wakalalamika, na walikuwa na haki. Afisa wa mazingira akaja na buti zake, akatuambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anatupa mwezi mmoja. Akirudi akute maji yanatoka hapa yakiwa na rangi, mapipa yanaondoka.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu akatokea na leso yake. Alikuja kwa miguu kutoka Gatina, akaomba jagi la maji machafu kwenye pipa langu, akayamimina kwenye ndoo iliyojaa ngozi za mayai. Ngozi zilikuwa mbichi, zinachuruzika siki, nilisikia harufu yake. Akakoroga kwa fimbo, akasubiri, akaongea sana, kisha akayamimina kwenye ndoo ya pili. Maji yalitoka meupe. Zile ngozi zilikuwa buluu kama kucha zangu. Akachovya leso ndani, akaikamua, akaiinua. Nyeupe vilevile.

"Mama wa suruali," akaniambia, "umeona nini?"

"Nimeona maji imekuwa clear."

"Umeona sayansi."

Nilimdharau, lakini nilimwamini, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilirudi nyumbani nikawaambia wanangu tumepona. Sote watano tulikubali. Yeye ataleta ngozi za kutosha mapipa yote, sisi tutajenga mahali pa kuchujia kwa matofali, na afisa akija atakuta maji ya kunawia uso.

Tulijenga. Mwalimu alisimamia, yaani alisimama. Siku moja alikuja mpaka Raila kuangalia mtaro unapoelekea, na kwenye lile daraja la mbao jirani yangu mmoja, mama wa makamo, akamnyooshea mkono ashike asiteleze. Mwalimu akamwambia, "Asante, ninajua kutembea." Akatembea hatua mbili. Alipotoka mtaroni hakuna aliyecheka waziwazi, kwa heshima ya umri, lakini nakwambia nilikimbilia nyuma ya nyumba nikacheka mpaka nikashika ukuta. Aliposafishwa alitueleza kwamba mbao ile ilikuwa na pembe mbaya.

Na kwenye matanga alikuwa balaa. Alifariki mwuza chipsi mmoja wa Kawangware, mtu mwema, na Mwalimu akaomba dakika mbili za rambirambi. Alimsifu marehemu kwa maganda. Alisema marehemu ametoa mchango mkubwa kwa utafiti bila kujua. Alieleza nyuzi, akaeleza kifaranga, akafika kwenye kidonda. Mjane alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, na mimi nilidhani analia, kumbe amelala. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili lilikuwa na kitu kidogo ndani, na ndiyo maana lilivuma zaidi.

Mambo yalivyoharibika ni hivi. Mapipa matano yanataka ngozi nyingi, na kubandua kwa kucha ni kazi ya polepole. Mwalimu akasoma mahali kwamba ukiponda maganda na kuyakoroga kwa nguvu ndani ya maji, ganda linazama na ngozi inaelea. Ikawa kweli. Siki ikaachwa. Akafurahi sana, akaniambia siki ilikuwa ya kulegeza tu, sasa haina kazi tena, tumevuka. Tukajaza ngozi zile kwenye chujio letu la matofali siku ya Alhamisi.

Ijumaa asubuhi afisa alikuja. Tulikuwa tumefagia. Nilivaa sketi ya kanisani chini ya kanga ya kazi. Mwalimu alivaa koti jeupe la maabara lenye kalamu tatu kifuani, akamsalimia afisa kwa hotuba. Kisha mwenzangu akamimina maji ya pipa la kwanza juu ya chujio, na sote tukainama kuangalia upande wa chini.

Yalitoka buluu. Si buluu kidogo. Yalipita kwenye zile ngozi kama mgeni anayepita mlango ulio wazi, na zenyewe zikabaki nyeupe. Tukamimina la pili. Buluu. Afisa akachovya kidole, akakipangusa ukutani, akaandika. Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama akasema, "Pole, mathe. Nilisema mwezi."

Nikamgeukia Mwalimu nikingoja aseme kitu, yeye aliyekuwa na la kusema mpaka kwenye matanga. Alikuwa anatazama chujio. Halafu akasema, kwa sauti ile ya darasani, "Wasaidizi wamezembea katika maandalizi." Mama Mutheu alikuwa amesimama mita mbili kutoka hapo, ameshika ndoo. Mapipa yalipakiwa mchana uleule.

Kosa lilijulikana baadaye, na kila mtu alilijua. Ilikuwa ni ile siki. Magadi yetu yanaizuia ngozi kushika rangi, na siki inayaua magadi. Jagi la kwanza lilifaulu kwa sababu ngozi zilikuwa zinachuruzika siki. Unamimina siki kwenye maji mpaka yaache kutoa povu, ndipo unatia ngozi, na rangi inanasa yote. Jambo la jikoni kabisa. Na mwalimu wa kemia alikuwa hajui! Nililisimulia jambo hilo kila mahali nilipokwenda. Nilianza kufua nguo za watu majumbani, leo nyumba hii kesho ile, asubuhi nyingine nasimama getini mpaka saa nne bila kuitwa, na wanawake tunaosimama pamoja tulikuwa tukimtumia Mwalimu kama kichekesho. Mtu akikosea chochote tunamwambia, "Hata Mwalimu wa Maganda alisoma." Nilimdharau kwa ujinga wake, na dharau hiyo ilinisaidia kuamka. Naona haya kidogo kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ilipita miaka mitatu hivi kabla sijamwona tena. Magoti yangu yalikuwa yameanza kukataa beseni, na nikasikia kwamba Mama Mutheu wa Gatina ana kazi. Mafundi wanaopaka rangi viatu na mikoba Kawangware walikuwa na shida ileile tuliyokuwa nayo sisi, na yeye amewawekea mapipa ya kuchujia, anawapelekea ngozi za mayai kila wiki, zile chafu anazikusanya. Maji yao yanatoka meupe, wanayatumia tena. Nikaenda kumwomba nafasi.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati nyuma ya ploti, kikavu na kisafi, hakuna inzi. Alikuwa anakoroga pipa. Ukutani kulikuwa na stuli zimepangwa safu, wanawake wawili wanabandua maganda, na wa tatu alikuwa Mwalimu.

Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Alikuwa na beseni mapajani na kucha zimekua kidogo, na alikuwa anavuta ngozi kutoka kwenye ganda bila kuirarua. Sikuweza kujizuia. Ningekuwa mwongo nikisema nilijaribu.

"Ai, Mwalimu! Kumbe unajua kushika ganda?"

"Nimejifunza," akasema.

"Ungejifunza mapema si ningekuwa bado Toi. Mwalimu mzima wa chemistry, hukujua hata siki."

Alimaliza ganda alilokuwa nalo. Akaliweka. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siki. Mama Mutheu aliniambia Jumanne ya wiki ile. Alhamisi jioni nilijaribu chumbani kwangu kwa maji ya pipa lako. Ilishika yote."

Sikuelewa mara moja. Nilimwambia arudie, na akarudia, maneno yaleyale.

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa afisa angeniuliza nimeipata wapi."

Nilingoja aongeze kitu, aombe radhi, alie, aseme shetani. Hakuongeza. Alichukua ganda jingine. Miaka mitatu nilikuwa nimemdharau kwa sababu ya kutojua, kumbe nilikuwa nimemwonea huruma bila kujua, maana mjinga ana nafuu. Mtu huyu alikuwa ameyaona maji meupe kwa macho yake, akalala, akaamka, akavaa koti, akayatazama mapipa yangu yakipakiwa, ili asiseme mbele ya mgeni kwamba amefundishwa na mwuza mayai. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wale wanawake wawili waliacha kubandua.

Nikamgeukia Mama Mutheu. "Na wewe ulikuwa unajua hii?"

"Aliniambia mwaka jana. Alikuja mwenyewe."

"Na bado ukampea kiti?"

Mama Mutheu alichukua mtungi wa siki, akamimina kidogo kwenye pipa, akaangalia povu. "Anabandua poa," akasema. "Hararui." Kisha akaendelea, kwa ile sauti yake ndogo, "Na si yeye pekee niliambia."

"Nani mwingine?"

"Wewe."

"Mimi? Wacha zako."

"Jumatano. Mwalimu alikuwa amekataa, nikaona heri niende kwa wenyewe. Nilikuja Toi na miguu, na chupa ya siki kwa mfuko. Ulikuwa unakoroga jeans ya customer. Nikakuambia, wacha nimwage kidogo kwa hii maji yako uone. Unakumbuka uliniambia nini?"

Nilikuwa nataka kusema sikumbuki. Lakini alivyokuwa anasema nilimwona, amesimama kando ya pipa langu na viatu vimejaa vumbi, chupa mkononi, anangoja nimalize na mteja. Mteja alikuwa mwanaume mwenye kofia. Nilimwambia Mama Mutheu mbele ya mteja huyo, kwa sauti ya kusikika vibanda vitatu, "Mama wa mayai, enda uuze mayai. Mambo ya rangi tuachie sisi." Mteja akacheka. Nami nikacheka. Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka.

Ningependa kusema nilidhani ametumwa na Mwalimu. Sikudhani hivyo. Nilidhani anauza mayai.

Mwalimu hakunitazama, na namshukuru kwa hilo, ingawa sitamshukuru kwa lingine. Pipa liliacha kutoa povu. Mama Mutheu akafunika mtungi wa siki, akajipangusa mikono, akaniuliza kama nilikuja kusalimia tu au nilikuwa natafuta kazi.

Nikasema kazi.

"Basi keti hapo. Mwalimu atakuonyesha."

Stuli tupu ilikuwa moja tu, kando yake. Nilikaa. Aliniwekea ganda kiganjani, akaniambia nianzie kwenye ule upande mpana wa yai, penye nafasi ya hewa, maana pale ngozi haijashika sana. Nikaanzia hapo.